Eda Yangu na Popo wa Msufini

Shemeji Makame alikuja kisiwani kwetu Chole Alhamisi iliyopita, ndani ya boti moja na wazungu waliotoka Utende kuja kutazama popo. Wao wakashuka na kamera zao shingoni, yeye akashuka kwa kushikwa mkono, fimbo mbele, pindo la kanzu limelowa maji ya chumvi, maana macho yake yameshakwenda zake na kilichobaki ni mwanga na kivuli tu. Amekaa Kilwa kwa mwanawe miaka mingi, hata sura yake hapa imeshasahaulika. Mwanangu Mwanahawa, ambaye ndiye anayewapokea wageni wa popo na kuwaweka mahali pao wasiwashtue, alimdhania ni mmoja wao, akamwambia, "Babu, tafadhali rudi nyuma ya kamba." Akamjibu, "Mti huu mimi nimeujua kabla kamba hiyo haijasokotwa. Mimi ni baba yako mkubwa. Nenda kamwite mama yako, mwambie shemeji yake amekuja, na asijifanye kiziwi."

Nilikuwa uani nakuna nazi. Sauti ile niliitambua kabla sijaitwa. Nikatoka na mikono yangu myeupe ya tui, nikamwamkia, "Shikamoo, shemeji." "Marahaba, Tatu. Wanasema umezeeka." "Nimezeeka sana." "Basi kwangu mimi bado, maana sikuoni. Kwangu wewe ni yule yule wa mwaka ule." Akisema mwaka ule, katika nyumba hii hakuna anayeuliza mwaka upi. Baraza ilikuwa imejaa wageni, nikamwingiza chumba cha nyuma, nikamkalisha kitandani karibu na dirisha, nikaenda kumalizia wali. Niliporudi na sahani alikuwa anapapasa ukuta kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyemfuga zamani. "Hapa ndipo ulipokaa," akasema. Nikamwambia hapa hapa. "Mimi chumba hiki nilikijua kwa nje tu," akasema, na ni kweli, maana mwaka ule yeye alikuwa upande ule wa ukuta na mimi upande huu.

Ya nyumbani kwetu Kanga nitayaacha, hayana haja hapa. Niliolewa Chole na Hatibu, mdogo wake Makame, na hata rangi ya hina haijasahau vizuri vidole vyangu nikawa mjane. Hatibu alikuwa mkwezi wa minazi. Akitoka alfajiri na kamba yake ya miguuni na panga kiunoni, huwezi kumwona tena mpaka jioni, ila utasikia nazi zinaanguka, pu, pu, mara huku mara kule, ukajua leo yuko shamba la nani. Mnazi wake wa mwisho wa siku aliushuka saa ile popo wanapoanza kuondoka kwenye msufi wetu. Popo wa Chole ni wakubwa, mbawa kama kanga iliyotandazwa, uso kama mbwa mdogo, na hawali mtu wala damu, wanakula matunda. Mchana wananing'inia msufini kichwa chini, magharibi wanakwenda kisiwa kikubwa cha ng'ambo kutafuta riziki. Hatibu alikuwa akiingia mlango wa uani wao wanapita juu ya paa, naye anasema kwa sauti, kila siku, hakuacha hata siku ya Idi: "Haya, wenye zamu wamefika, mimi natoka!" Mama yake, Bi Kazija, kila siku anamjibu jikoni: "Toka ukaoge, unanuka kama wao." Hayo ndiyo yalikuwa maamkizi ya nyumba hii. Siku moja baada ya mvua ya usiku, mnazi ulikuwa na utelezi, na walimrudisha asubuhi, wamembeba juu ya mlango wa banda. Popo walikuwa wamelala. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Nikawa kizuka. Wasichana wa siku hizi neno hili wanalicheka, lakini ndivyo anavyoitwa mwanamke anayekaa eda ya mumewe: haendi kisimani, haendi harusini, hapaki mafuta ya kunukia, hajitazami kiooni, wala sauti yake haisikiwi na mwanamume anayeweza kumwoa. Nilivaa kaniki. Nilikaa chumba hiki, kitanda hiki cha kamba, na mto uliojazwa sufi ya mti ule ule, ndani yake mna mbegu mbili tatu zilizosahauliwa, nikigeuka usiku zinalia sikioni kama mtu anayetafuna. Kazi yangu ilikuwa kusuka ukili wa mikeka. Wanawake wa Chole walinilisha kwa zamu na sijamsahau hata mmoja: Bi Hidaya Omari alileta pweza wa nazi, Bi Riziki Shaame muhogo na papa, Bi Mwanaisha wa fundi Faki uji wa mchele uliotiwa pilipili manga nyingi hadi machozi yangu yakapata kisingizio, na Zuhura, wifi yangu, alileta mikate ya kumimina na maneno. "Kula, wifi," ananiambia. "Ukikonda watasema tumekuua kwa njaa, na wewe huna uzuri mwingine ila hayo mashavu." Nilicheka siku hiyo, kisha nikaona haya kwa kucheka.

Dirisha hili ni la ubao, halina kioo, na mbele yake hakuna kitu ila msufi. Kizuka hatakiwi kutazama njia, lakini mti hakuna aliyeukataza. Basi niliutazama. Asubuhi nafungua jicho, popo ndio wanarudi, wanagombania mahali, kelele tupu, huyu anampiga yule kofi la bawa, yule anahama tawi kwa hasira, hamalizi kukaa anarudi pale pale. Nikawapa majina ya matawi: lile la chini lenye ugomvi nikaliita la Zuhura, lile la juu wanapokaa wazee wametulia nikaliita la msikitini, na moja la pembeni ambalo popo mmoja tu alipenda kukaa, nikaliita langu. Jua likizidi wanajipepea kwa bawa moja, polepole, mti mzima unapepea, na mimi ndani na ukili wangu nasinzia, nisijue kama nimelala au mti ndio umelala. Mara nyingine niliona kama chumba kimegeuka, dari iko chini na mimi ndiye ninayening'inia, na Hatibu yuko mahali fulani kule chini angani, anaushuka mnazi usiokwisha. Haikuwa ndoto ya kutisha. Nilikuwa nataka tu mnazi ule usikwishe.

Hata wakati ule, kabla mzungu wa kwanza hajanunua filamu, popo wetu walikuwa tamasha. Watu waliokuja kutoa mkono wa pole kutoka Kiegeani na Kanga walikaa, walisoma, walikula, na jua likishuka hakuna anayeondoka. Niliwasikia barazani. "Twendeni, maji yanakupwa." "Ngoja kidogo, hawajatoka." "Wewe umekuja matangani au umekuja popo?" "Nimekuja matangani, lakini shingo yangu imekuja popo." Kisha kimya, kisha upepo wa mbawa, na watu wazima wenye vilemba wanasema "Lo!" kama watoto. Mimi ndani nilijua wameanza kabla ya baraza kujua, maana mti hutangulia kunyamaza.

Kufunga dirisha magharibi ilikuwa kazi ya Bi Kazija. Desturi ni kwamba kizuka asikutwe na giza dirisha likiwa wazi. Alikuja na taa ya chemni, akashika ubao, akaanza kuwatukana popo. "Nendeni, wachafu ninyi! Mmenichafulia kuti langu, mmenichafulia kisima, nendeni na msirudi!" Alikuwa hawapendi, kila mtu Chole alijua, alikuwa akifagia chini ya msufi huku anaapa. Lakini ubao haufungi. Anasimama pale ameushika, wao wanapita, weusi juu ya wekundu wa mbingu, kwanza mmoja mmoja, kisha mto mzima, kisha mmoja mmoja tena. Nikimwambia, "Mama, wamekwisha," ananijibu, "Bado mmoja." Natazama, sioni kitu. Tunasimama. Halafu anafunga kwa nguvu kama anayemfungia mwizi. Nilidhani ananionea huruma, ananiongezea hewa kidogo.

Sasa niseme kilichokuwa juu ya kichwa changu mwaka ule. Hatibu aliacha nyumba hii, minazi, na msufi. Mimi sikuwa na mtoto. Eda ikiisha, miezi minne na siku kumi, mirathi igawanywe, mimi nipewe robo yangu ya mjane, na robo hailali ndani ya chumba. Ingenipeleka Kanga kwa kaka zangu, nirudi nilikotoka kama sikuwahi kuondoka. Na Makame aliutaka msufi. Nilimsikia barazani akiwaambia wazee, sauti kavu: "Kiambo na minazi mtapima wenyewe. Mimi nipeni mti ule, niukate nichonge mtumbwi." Mzee Faki, fundi wa mitumbwi, akasema, "Mtumbwi? Ule?" Makame akasema, "Ule. Siku itakayofuata eda, naleta shoka." Niliacha ukili ukaanguka. Mti ule ndio uliokuwa mchana wangu. Nilijua popo wakikosa msufi watahama, hawatakaa kwenye minazi, na jioni itakuwa jioni tu kama ya mahali pengine popote. Sikuweza kutoka kusema neno. Kizuka hana sauti barazani. Niliangalia tawi langu, yule popo mmoja alikuwa amejifunika mbawa gubigubi, na mimi nikajifunika kaniki.

Damu yangu ilikuwa haijaonekana tangu msiba. Kila mwanamke aliyeulizwa alisema ni huzuni, huzuni hukausha, Bi Riziki mwenyewe ilimkausha alipofiwa na mama yake. Nami nikaamini. Basi siku moja Zuhura alikuja na kungu alizookota chini ya msufi, zile ambazo popo hubeba, wakatafuna nyama ya juu wakazitupa. Alitaka kupasua tule kokwa. Mimi nikachukua moja, nikaanza kuguguna ile nyama iliyobaki, mbichi, chungu, yenye alama za meno ya popo. Nikachukua ya pili. Zuhura akapiga kelele, "Mama! Njoo umwone huyu, anakula makombo ya popo!" Bi Kazija akaja, mikono ina unga. Akanitazama ninavyoguguna, ukakasi wote ule na mimi naona tamu. Hakunikemea. Akakaa kitandani, kamba zikalia. "Tangu lini?" akauliza. Nikasema, "Tangu lini nini, mama?" Akaweka kiganja chake cha unga juu ya tumbo langu, kwenye kaniki, kikaacha alama nyeupe. "Zuhura," akasema, "kamwite Mwalimu Shaibu. Asiingie. Akae barazani, nitazungumza naye mlangoni. Na kaka yako akae papo hapo asikie."

Nilisikia yote. Mwalimu Shaibu, aliyesomesha madrasa yetu, alisema kwa sauti yake ya puani: "Kama ni hivyo, basi eda yake ni mpaka ajifungue. Na mirathi hatugawi, kuna mrithi hajafika." Makame akauliza, "Na mti?" "Mti ni mali, Makame. Mali inamngoja mwenyewe." Kisha nikasikia hatua za Makame zinaondoka, nzito, kama za mtu aliyebeba kitu.

Basi nikakaa zaidi ya vizuka wote niliowajua. Mwaka ukapita dirishani. Msufi ulipukutisha majani yote, popo wakabaki wazi kama nguo za maskini kambani. Kisha ukachanua, na maua yake hufunguka jioni, ukanuka kama maziwa yaliyolala. Popo wakazamisha nyuso humo, wakitoka wamepakaa unga wa njano puani, utadhani mwali wa ngoma. Halafu wakazaa. Sikuwa nimejua kwamba popo jike huruka na mwanawe kifuani, amemng'ang'ania ziwa kwa meno, wanakwenda pamoja juu ya bahari na kurudi pamoja. Nilipomwona wa kwanza nilimwita Bi Kazija aje, naye akaja, akasema, "Wachafu hawa," lakini kwa sauti ndogo. Siku ile alinipikia ndizi za nazi, akanilisha kwa mkono wake, akaniambia, "Na wewe ng'ang'ania."

Nilijifungua wakati maganda ya msufi yanapasuka. Sufi ilikuwa inaruka kila mahali, imeingia dirishani, imeganda kwenye chandarua, kwenye nywele za mkunga, kwenye uji. Mtoto akaja mwanamke. Zuhura akapiga vigelegele, kisha akasita, maana alijua kama nilivyojua: angekuwa mwanamume kusingebakia cha kumgawia Makame. Binti anachukua nusu, na ami yake bado ana sehemu. Walipokaa kugawa nilikuwa bado kitandani na Mwanahawa kifuani, na nikasikia Makame anasema lile lile, kama hakuna mwaka uliopita. "Sehemu yangu yoyote itakayokuwa, sitaki mnazi hata mmoja. Nipeni msufi niukate." Ndipo Bi Kazija alipofanya jambo ambalo sijawahi kuona mwanamke wa Chole akilifanya. Alitoka jikoni akaenda kusimama barazani mbele ya wanaume. "Mwalimu Shaibu, mimi mama wa marehemu nina changu?" "Una sudusi yako, Bi Kazija, fungu moja katika sita. Ni haki." "Basi sudusi yangu ni msufi. Minazi yangu mchukue, mgawane, sitaki hata kuti. Nyumba muachieni mtoto na mama yake. Mti ni wangu, na mti wangu haukatwi. Na wewe Makame, anayetaka mtumbwi akachonge mwembe kama wenzake." Haukupita muda Makame akahamia Kilwa. Bi Kazija aliendelea kuwatukana popo mpaka mwaka aliokufa, na mti alikuwa ameshawapa wajukuu, na leo Mwanahawa anauwekea kamba.

Hayo yote tuliyapitia Alhamisi, mimi na shemeji, yeye anakula wali na samaki changu kwa vidole vinavyotafuta miiba vyenyewe. Nje Mwanahawa alikuwa anawanyamazisha wageni, "Shhh," lugha ambayo haina mzungu asiyeielewa. Shemeji akafuta mkono. "Tatu," akasema, "mtumbwi wa msufi hudumu majini muda gani?"

"Nitajuaje, mie mtu wa Kanga, mtu wa muhogo?"

"Haudumu. Unakunywa maji kama mkate. Hapa Chole hata mtoto anajua, mtumbwi ni mwembe. Faki alijua. Mama alijua." Akageuza uso wake dirishani, ambako jua lilikuwa linampiga. "Mimi nilikuwa nakaa baraza ile kila jioni. Wale wakianza tu kuruka, masikio yangu yanakwenda mlango wa uani. Nangoja. 'Haya, wenye zamu wamefika.' Kila jioni, Tatu, nangoja kama mwendawazimu. Nikasema, mti ukianguka, saa ile nayo itaanguka. Sikuwa na mtumbwi wowote."

Miaka yote nilikuwa nimemweka moyoni kama mtu wa shoka. Nikakumbuka ubao wa dirisha mkononi mwa Bi Kazija, usiofungwa, na matusi yake yale, na jinsi jikoni alivyoacha kujibu kitu baada ya Hatibu kufa, hakujibu tena mtu kwa mzaha. Watu watatu tulikuwa tunangoja mlango mmoja kila jioni, ukuta katikati yetu, na kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Mti ukanyamaza. Nje wageni bado walikuwa wananong'ona, hawajajua. Shemeji akajua, akainua kidole. Kisha wakaanza, mmoja mmoja, kisha mto, wakapita juu ya mapaa ya Chole kuelekea Utende, na upepo wao ukaingia chumbani ukamwinulia kofia kidogo. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Nilisikia wazungu wanasema "Lo!" kwa lugha yao, nikasikia boti inawashwa, nikasikia Mwanahawa anakunja kamba yake. Mbingu ikabaki tupu na nyekundu. Giza lilikuwa linaingia, mbu pia, nikasimama nikashika ubao wa dirisha.

"Shemeji, nafunga," nikamwambia. "Wamekwisha."

Akasikiliza, shingo ameinamisha upande wa uani.

"Ngoja," akasema. "Bado mmoja."

Nikatazama nje, sikuona kitu. Nikauachia ubao, nikaketi kando yake.